Kusoma Chapa za Kiwandani Kwenye Fyuzi za Makombora ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wasomaji wa Tabora na Kigoma

Wasomaji wa Tabora na Kigoma wanaendelea kuniandikia kuhusu masalia ya vita vya 1914 hadi 1918, na karibu wote wanakwama mahali pamoja. Mmoja ameona "96" kwenye fyuzi, akaeneza habari kwamba kombora ni la mwaka 1996 na limevuka ziwa kutoka vita vya majirani. Mwingine ameona "80", akaandika kwenye kadi ya maonyesho ya shule kwamba mzinga ulikuwa wa milimita 80. Mwingine tena ameona "50" kwenye pete ya fyuzi, akasema ni uzito wa kilo.

Namba wamezisoma sawasawa. Kilichowapotosha ni nafasi ya namba. Fyuzi, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye kombora ili kuamua lilipuke wakati gani, hubeba habari za aina tano: modeli, kiwanda, mwaka na fungu la utengenezaji, alama ya mkaguzi, na kipimo cha kutegea. Habari hizi zilipigwa na mikono tofauti kwa nyakati tofauti. Ukichukua namba ya modeli ukaiweka kwenye nafasi ya mwaka, kila utakachoandika baada ya hapo kitakuwa uongo, hata kama umeandika kwa nia njema.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke, hasa ile ya kwanza.

## Mwongozo huu si wa porini

Kama umekutana na kombora shambani, kwenye msingi wa nyumba, kando ya reli au ufukweni, huna chapa ya kusoma. Usiguse, usisogeze, usifute udongo, usirudi nalo nyumbani. Rudi kwa njia ileile uliyojia, zuia watoto na mifugo, kisha ukishafika mbali piga simu polisi 112 au mwarifu mwenyekiti wa kijiji au mtaa awasiliane nao. Polisi watawaita wataalamu wa milipuko wa jeshi. Hata picha ya pale porini waachie wao.

Sababu ni tatu, na zote zinahusu fyuzi.

Kwanza, fyuzi nyingi hufunguka usalama wake pale kombora linapofyatuliwa. Kombora lililopigwa likaanguka bila kulipuka ni hatari kuliko lile lililokaa ghalani, kwa sababu fyuzi yake tayari iko macho na haijamaliza kazi.

Pili, umri haulitulizi. Makombora mengi ya wakati ule yalijazwa asidi ya pikriki. Wajerumani waliita ujazo huo "Granatfüllung 88", Wafaransa waliita melinite. Asidi hiyo ikikaa na metali kwa miaka hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano mdogo tu. Kombora la miaka zaidi ya 100 linaweza kuwa jepesi kulipuka kuliko lilivyokuwa jipya.

Tatu, chapa haisemi kama kitu ni salama. Hakuna herufi wala namba kwenye fyuzi itakayokuambia kombora limelipuka, ni tupu, au lina baruti. Anayekuambia "hili ni la mazoezi, nimesoma hapa" usimwamini.

Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoa jirani wa Kagera, wanafunzi wa shule ya msingi waliuawa na bomu la mkono ambalo mwenzao aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Nawaomba sana wanaonunua vyuma chakavu Gungu, Mwanga, Urambo na Tabora mjini: mtoto akikuletea kipande kizito chenye pua ya shaba, usikipime kwenye mizani. Toka, mtoe na yeye, piga simu.

Halafu kuna sheria. Kukaa na kombora hai bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kusalimisha kwa kutoa taarifa ndiyo njia sahihi, na unapotoa taarifa huhitaji kulibeba.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa nani? Ni wa mwalimu mwenye fyuzi kabatini ambayo jeshi limeshaithibitisha kuwa tupu, mhudumu wa makumbusho, mtunza kumbukumbu wa parokia, na yeyote anayefanya kazi kwa picha zilizopigwa na wataalamu.

## Vitu vya kuandaa

- Barua au cheti cha wataalamu wa milipuko kinachosema kifaa hiki hakina baruti wala kiwashio. Bila hicho, fanya kazi kwa picha peke yake.
- Simu yenye kamera nzuri, na kitu cha kuiegemeza isitikisike.
- Tochi ndogo.
- Rula ya milimita, na kama unayo, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya plastiki.
- Brashi laini ya rangi, kavu.
- Karatasi nyepesi na kalamu ya risasi laini kwa ajili ya kupapasa chapa.
- Daftari. Mistari iwe mipana, utaona sababu kwenye hatua ya nne.

Visivyotakiwa ni vingi kuliko vinavyotakiwa. Msasa, brashi ya waya, grinda, asidi ya betri na dawa ya kung'arisha shaba viweke mbali. Mkazo wangu ni kwenye ndimu na majivu, maana ndivyo vinavyotumika majumbani kung'arisha vyombo vya shaba. Chapa za fyuzi ni za kina kidogo mno. Ukisugua kwa ndimu na majivu kila sikukuu, chapa ya mkaguzi hupotea kwanza, kisha mwaka, na mwisho unabaki na pambo linalong'aa lisilosema kitu.

## Hatua ya 1: Thibitisha usalama kwa karatasi

Neno la mdomo halitoshi. "Babu alikuwa nalo tangu zamani na halijawahi kulipuka" ni maelezo ya bahati yenu, hayasemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Kama fyuzi imefungwa kwenye kombora na hakuna karatasi, hatua yako ya kwanza ndiyo ya mwisho kwa leo: toa taarifa.

Hapa watu wengi hudanganywa na makombora madogo. Mashua za Waingereza zilizopigana Ziwa Tanganyika, Mimi na Toutou, zilibeba mizinga ya Hotchkiss yenye kipenyo cha milimita 47. Makombora ya aina hiyo mara nyingi fyuzi yake iko kitakoni, haiko puani. Mtu anaona pua ya chuma tupu anasema "hili halina fyuzi". Inayo, imejificha nyuma.

Ganda la shaba, lile ambalo watu huweka maua sebuleni, nalo lina kiwashio katikati ya kitako. Likaguliwe pia.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye tarehe, inayotaja kifaa hiki hiki na si "vifaa mbalimbali".

## Hatua ya 2: Tazama umbo na madini kabla ya herufi

Zuia macho yasikimbilie maandishi. Kwanza jibu maswali mawili.

Je, fyuzi ina pete zinazozunguka zenye mistari midogo ya kipimo? Kama ndiyo, ni fyuzi ya muda. Ndani ya pete kuna mfereji wa baruti inayoungua polepole, na askari alizungusha pete ili kuamua kombora lipasuke hewani baada ya muda gani. Kama haina pete, uwezekano mkubwa ni ya kugonga: hulipua kombora likifika chini au likigusa kitu. Zipo pia zinazofanya kazi zote mbili, na Wajerumani waliziita fyuzi maradufu.

Je, ni madini gani? Shaba ya njano hutoa kutu ya kijani. Zinki hutoa unga mweupe na uso wake huwa na vishimo. Chuma kinatoa kutu nyekundu. Alumini ni nyepesi na ya kijivu. Hili lina maana kwenye tarehe: kadiri vita vilivyosonga, Ujerumani ilipungukiwa na shaba, na viwanda vikahamia zinki na chuma. Fyuzi ya zinki ni dalili ya utengenezaji wa baadaye. Ni dalili tu, iandike hivyo.

Pima kipenyo cha kitako cha fyuzi na urefu wake. Ukitaka baadaye kulinganisha na picha za makumbusho, vipimo hivi vitakuokoa.

## Hatua ya 3: Piga picha kwa mwanga wa pembeni

Mwanga wa juu huua chapa. Flashi ya simu inaua kabisa. Zima flashi, funga pazia, washa tochi ukiilaza karibu na usawa wa meza ili mwanga upite juu ya uso wa fyuzi. Kila mtaro wa herufi utatoa kivuli chake.

Piga picha mara nne kwa kila upande, tochi ikitoka kushoto, kulia, juu na chini. Herufi ambayo haionekani mwanga ukitoka kushoto hujitokeza ukitoka juu. Weka rula ndani ya picha. Kisha zungusha fyuzi kidogo kidogo mpaka umalize mzunguko, na hakikisha kila picha inabeba sehemu ya picha iliyotangulia.

Kwa kifaa chenye cheti unaweza pia kupapasa: funika chapa kwa karatasi nyepesi, pitisha kalamu ya risasi ikiwa imelala, bila kukandamiza. Njia hii inafaa sana kwenye zinki iliyoliwa, kwa kuwa kamera hubabaishwa na madoa meupe lakini karatasi huhisi mtaro peke yake.

Umefaulu kama: mtu ambaye hajaiona fyuzi anaweza kunakili maandishi yote kutoka kwenye picha zako.

## Hatua ya 4: Nakili bila kutafsiri

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowaangusha watu wengi.

Andika unachokiona, kila mstari wa fyuzi kwenye mstari wake wa daftari, pamoja na nukta, mikwaju (/) na nafasi. Usiweke maana bado. Herufi usiyo na hakika nayo weka alama ya kuuliza, na mahali palipofutika weka mstari mtupu. Acha nafasi chini ya kila mstari kwa ajili ya tafsiri.

Nukta zina kazi kubwa. "Dopp. Z. 96" ikinakiliwa "DOPPZ96" inaonekana kama jina la kampuni. Mkwaju nao: "n/A" si "NA". Koma pia: Wajerumani na Wafaransa huandika sehemu za desimali kwa koma, kwa hiyo "10,5 cm" ni sentimita kumi na nusu.

Herufi zinazodanganya sana: 3 na 8, 6 na 9 (fyuzi ni ya duara, haina juu wala chini, kwa hiyo soma kwa kufuata herufi za jirani), Z na 2, na 1 ya Kijerumani yenye mkia mrefu ambayo wengi wanaisoma 7.

Huu ni mfano nilioutengeneza kwa ajili ya zoezi. Chukulia fyuzi ya shaba yenye pete, na daftari lako linasema hivi:

Mstari wa 1: Dopp. Z. 96 n/A.
Mstari wa 2: Sp. 13
Mstari wa 3: 214
Pembeni: taji dogo juu ya herufi isiyosomeka
Kwenye pete: 3, 4, 5 … mpaka 50

Tutaubeba mfano huu hadi mwisho.

## Hatua ya 5: Tafuta modeli

Modeli ndiyo ufunguo wa mengine yote, na kila taifa lina namna yake ya kuiandika.

Ujerumani. Modeli ni kifupisho cha kazi ya fyuzi, kikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka ambao muundo ulikubaliwa. Herufi Z ni ya "Zünder", fyuzi. Hivi ndivyo utakavyokutana navyo zaidi:

- Dopp. Z. ni fyuzi maradufu, ya muda na ya kugonga. Kuna 92, 96 na 16, yaani muundo wa 1892, 1896 na 1916.
- Gr. Z. ni fyuzi ya kombora la mlipuko, kwa mfano Gr. Z. 04.
- K. Z. ni ya kanoni, kwa mfano K. Z. 14.
- H. Z. ni ya hawiza, mzinga unaorusha kombora juu, kwa mfano H. Z. 05.
- n/A ni muundo mpya, a/A ni muundo wa zamani.
- f. ikifuatwa na jina la mzinga maana yake ni "kwa ajili ya".

Vifaa vikongwe zaidi hutumia C na mkwaju, kama C/73, kumaanisha muundo wa 1873. Jeshi la kikoloni la Kijerumani hapa lilikuwa na mizinga ya C/73 ilhali Ulaya ilikuwa imeshaiacha, kwa hiyo usishtuke ukiona mwaka wa mbali hivyo.

Rudi kwenye mfano. Mstari wa kwanza unasema fyuzi maradufu, muundo wa 1896, toleo jipya. Hiyo "96" imemaliza kazi yake. Isihamishwe popote.

Uingereza. Modeli ni namba ya orodha tu, haina uhusiano na mwaka wala kipenyo: No. 80, No. 85, No. 100, No. 106. Baada yake huja namba ya Kirumi inayoonyesha toleo. Yule msomaji wa milimita 80 alikuwa ameshika fyuzi ya muda ya Kiingereza, na mzinga wake ungeweza kuwa wa kipenyo kingine kabisa.

Ufaransa. Tafuta namba mbili zenye mkwaju: 22/31, 24/31, 30/55. Mara nyingi hufuatwa na "Mle", yaani modeli, na mwaka, kama 24/31 Mle 1899-15: muundo wa 1899 uliorekebishwa 1915. Fyuzi za namna hii zinatuhusu kwa sababu Wabelgiji waliotoka Kongo walikuja na mizinga ya milimani ya milimita 70 ya Saint-Chamond, kiwanda cha Ufaransa. Maandishi ya Kifaransa kwenye kitu kilichotoka Itaga au Usoke hayamaanishi kwamba Wafaransa walipigana Tabora.

Sasa onyo ambalo linastahili aya yake. Modeli haikuambii taifa moja kwa moja. Kabla ya vita, kampuni ya Vickers ya Uingereza ilitengeneza fyuzi kwa leseni ya Krupp ya Ujerumani, na fyuzi za mwanzo za No. 80 zilipigwa chapa "KPz 96/04", fyuzi ya hataza ya Krupp ya 1896 na 1904. Vita vikaja, Waingereza wakawa wanawapiga Wajerumani kwa fyuzi yenye jina la Krupp, na baada ya vita Krupp iliidai Vickers malipo. Ukiona "KPz" usiandike "Mjerumani" kabla hujamaliza hatua ya saba.

## Hatua ya 6: Tenga kipimo cha kutegea

Namba zilizo kwenye pete inayozunguka hazina habari za kiwanda. Zichore mstari na uziandikie "kipimo".

Kwenye Dopp. Z. 96 kipimo ni mamia ya mita: 3 ni mita 300, 50 ni mita 5,000. Kwenye No. 80 ya Kiingereza pete imegawanywa 0 hadi 22. Ndiyo sababu mtu anayeokota "50" au "22" kutoka kwenye pete na kuiita kilo, mwaka au kipenyo anakuwa amesoma kitu ambacho askari alikizungusha kwa mkono.

Kama pete imekwama, iache. Hata kwenye fyuzi yenye cheti, usiizungushe kwa koleo ili kuona namba zilizofichika. Mahali ilipokwama ni habari yenyewe: huenda ndipo askari alipoitegea. Piga picha ya alama ya kutegea ilipo, andika, songa mbele.

## Hatua ya 7: Tambua kiwanda

Uingereza ilipenda herufi za mwanzo:

- R.L. ni Royal Laboratory, Woolwich, kiwanda cha serikali.
- V.S.M. ni Vickers, Sons & Maxim.
- E.O.C. ni Elswick Ordnance Company.
- K.N. ni King's Norton.

Mshale mpana wenye vidole vitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiuona pamoja na herufi hizi kwenye fyuzi yenye "KPz", umepata jibu: mkono uliotengeneza ni wa Kiingereza, muundo ni wa Kijerumani.

Kwa Ujerumani, "Sp." ni Spandau, viwanda vya serikali karibu na Berlin. Pete tatu zilizoshikana ni nembo ya Krupp. Viwanda binafsi vingine viliandika jina au kifupisho, na hapo ganda la shaba husaidia kuliko fyuzi, kwa kuwa kitako chake kina nafasi ya jina zima. Utasoma POLTE MAGDEBURG, PATRONENFABRIK KARLSRUHE au SPANDAU likizunguka kiwashio. Kuna neno fupi ambalo limewapotosha wengi: MAI. Wanalitafuta kwenye orodha za viwanda na hawalipati. Ni mwezi wa Mei. Vivyo hivyo OKT. ni Oktoba na DEZ. ni Desemba.

Lakini usihamishe kiwanda cha ganda kwenda kwenye fyuzi. Ganda, kombora na fyuzi vilitengenezwa mahali tofauti, vikakutanishwa baadaye. Na kwenye mapambo ya nyumbani, mara nyingi aliyevikutanisha ni mwenye nyumba.

Kwa Kigoma kuna alama moja ya kuitafuta kwa makini: taji juu ya herufi M, ya jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani. Manowari Königsberg ilipozamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya 10,5 cm iliopolewa na kusambazwa nchi kavu, na mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen hapo Kigoma, hiyo hiyo tunayoiita Liemba. Uliondolewa kabla meli haijazamishwa, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Ganda la 10,5 cm lenye taji na M kutoka upande wa Bangwe au Ujiji ni kitu cha kuwaita wataalamu wa makumbusho mapema. Ukitaka kuona mizinga yenyewe, mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Kwenye mfano wetu, "Sp." inatupeleka Spandau.

## Hatua ya 8: Mwaka, fungu na mkaguzi

Mwaka wa kutengenezwa huandikwa karibu na kiwanda, si karibu na modeli. Hii ndiyo kanuni ya kushika. "Sp. 13" ni Spandau 1913. Waingereza huweka mwezi na mwaka: 4/15 ni Aprili 1915.

Namba inayobaki peke yake, kama 214 kwenye mfano, ichukue kuwa fungu la utengenezaji. Fungu lilimwezesha mkaguzi kuzirudisha fyuzi zote za fungu hilo kama moja imeonekana mbovu. Usilitafutie maana nyingine.

Taji dogo lenye herufi ni muhuri wa mkaguzi wa Kijerumani. Uandike hata kama herufi haisomeki. Kuwepo kwake kunaonyesha kifaa kilipita ukaguzi wa serikali.

Ukiona kuna miaka miwili kwenye fyuzi moja, mara nyingi mmoja umetoka kwenye jina la modeli. Kama yote miwili iko upande wa kiwanda, mmoja unaweza kuwa wa kutengeneza mwili wa fyuzi na mwingine wa kujaza baruti. Andika yote miwili.

Umefaulu kama: kila alama kwenye daftari lako ina nafasi yake, na hakuna namba iliyotumika mara mbili. Mfano wetu sasa unasomeka: fyuzi maradufu ya Kijerumani, muundo wa 1896 toleo jipya, imetengenezwa Spandau mwaka 1913, fungu 214, imekaguliwa, kipimo cha mita 300 hadi 5,000.

## Hatua ya 9: Uliza kama mwaka unaingia kwenye mahali

Hapa Tabora na Kigoma tuna bahati ambayo wakusanyaji wa Ulaya hawana: kalenda yetu ni fupi na ina mipaka.

Koloni lilizingirwa baharini tangu 1914. Silaha za Kijerumani zilizoingia baada ya hapo zilikuja na meli mbili tu: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi, Lindi, Machi 1916. Kigoma ilitwaliwa na Wabelgiji mwishoni mwa Julai 1916. Tabora iliangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba 1916.

Kwa hiyo fyuzi ya Kijerumani ya 1913 kutoka Lulanguru, Tabora, inaingia bila shida. Ya 1906 pia inaingia. Silaha hukaa maghalani miaka mingi. Ya mwanzo wa 1915 inawezekana, ila lazima ije na Marie au, kama ni ya miezi ya kwanza kabisa, na Rubens. Ya 1917 haiwezi kuwa ilipigwa Tabora. Hiyo ililetwa baadaye, pengine na mmisionari, mtawala wa Kiingereza au mtalii aliyekuja na kumbukumbu ya vita vya Ulaya. Dopp. Z. 16 nayo inakwama kwenye ukuta huo huo.

Kinyume chake hakikubaliki. Mwaka kuingia kwenye kalenda hakuthibitishi kwamba kifaa kilitumika hapa. Kunasema tu kwamba hakijakataliwa. Uthibitisho unatoka kwa aliyekipata: shamba gani, kina gani, mwaka gani, nani alikuwepo. Wazee wanaokumbuka mahali hasa kilipochimbuliwa kitu wanapungua, na ninaona uchungu kila ninapotumiwa picha nzuri ya fyuzi isiyo na jina la kijiji.

## Hatua ya 10: Andika kadi

Kadi iwe na sehemu mbili zisizochanganywa. Juu, nakala halisi ya hatua ya nne, pamoja na alama zako za kuuliza. Chini, tafsiri, na kila sentensi ioneshe imetoka mstari gani. Atakayekuja baadaye akijua zaidi yako atarekebisha tafsiri bila kupoteza ushahidi.

Ongeza vipimo, madini, mahali kilipopatikana, nani alikitoa, na namba ya cheti cha usalama. Cheti chenyewe kibane kwenye kadi. Polisi au mkaguzi wa shule akifika, ndicho atakachoomba kwanza.

Fyuzi ikae kavu, mbali na chumvi na moshi wa jiko, imelazwa juu ya kitambaa cha pamba. Usiipake mafuta ya mawese wala vanishi. Ya zinki usiiweke kwenye boksi la mbao mbichi, kwani asidi ya mbao huila. Na kama kuna siku utaona unyevu, unga wa njano au chembe zinazofanana na sukari zikitoka kwenye uzi wa skrubu, hata kama cheti kipo, toa watu wote chumbani, funga mlango na upige 112.